Al-Jahiz wa Basra, mwanachuoni aliyeandika vita vya viumbe

Kuna watu ambao majina yao hutajwa barazani kuliko vitabu vyao vinavyosomwa, na mmoja wao ni Abu Uthman Amr bin Bahr, mwanachuoni wa Basra ajulikanaye kwa lakabu ya Al-Jahiz. Siku hizi jina lake limezuka tena. Kila yanapoingia mazungumzo juu ya Darwin, yule Mwingereza aliyetoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe mwaka 1859, hakosi mtu wa kudai kwamba maneno hayo yote yalikwisha kusemwa na Al-Jahiz miaka elfu moja kabla yake, na Wazungu wameyaiba tu. Wengine nao hukasirika, wakaona kwamba mwanachuoni wa Kiislamu amesingiziwa. Mimi naona pande zote mbili zamdhulumu mzee huyu, moja kwa kumpa kisicho chake, na ya pili kwa kumnyang'anya kilicho chake. Ndiyo maana nimeonelea leo nieleze maisha yake, pamoja na yale aliyoyaandika hasa juu ya jinsi viumbe wanavyowindana na kugombania riziki, ili msomaji ajiamulie mwenyewe.

Al-Jahiz alizaliwa Basra karibu na mwaka 160 wa Hijra, yaani mwaka 776 au 777 wa Miladi. Lakabu yake maana yake ni mtu mwenye macho yaliyotokeza nje, na kwa habari zote tulizo nazo hakuwa mtu wa sura ya kupendeza. Jamaa zake walikuwa chini ya himaya ya kabila la Kinana, na wapokezi wa habari wasema kwamba babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Nyumbani kwao hapakuwa na kitu. Yasimuliwa kwamba katika ujana wake alionekana akiuza mikate na samaki kandokando ya mfereji wa Sihan pale mjini.

Lakini umaskini wa Basra ya zama zile ulikuwa si umaskini wa kila mahali. Mji huo uko kichwani mwa Ghuba, na vyombo vilikuwa vikiingia huko kutoka Bara Hindi, kutoka China, na kutoka pwani yetu hii. Katika msikiti wa Ijumaa kulikuwa na duara baada ya duara za wanavyuoni, na asiyekuwa na senti moja aliweza kukaa nyuma akasikiliza. Huko kijana huyu aliisoma lugha kwa Al-Asmai na Abu Ubaida, mabingwa wakubwa wa Kiarabu wa wakati ule, na elimu ya hoja akaipata kwa An-Nadhdham, mkuu mmoja wa Muutazila. Na nje ya mji palikuwa na Mirbad, mahali walipopiga magoti ngamia wa Mabedui, nao wakauza mifugo na kushindana kwa mashairi. Al-Jahiz alikuwa haondoki hapo. Kwa wale Mabedui alijifunza mambo ambayo hayamo katika vitabu: mbweha hufanya nini akizingirwa, mbuni hukaaje juu ya mayai yake, na kenge huingiaje katika shimo la mwenziwe.

Kuna hadithi moja ya mamake ambayo kila mzazi wa Pwani ataielewa. Siku moja kijana alirudi nyumbani na njaa akataka chakula. Mama, ambaye alikwisha kuchoka kumwona mwanawe akishinda na makaratasi, alimletea sinia iliyojaa madaftari, akamfahamisha kwamba hiyo ndiyo chumo anayoileta nyumbani, basi naale. Kijana alitoka na huzuni, akaenda msikitini. Huko akakutana na tajiri mmoja, Muwais bin Imran, ambaye alimwuliza habari zake akampa dinari 50. Al-Jahiz akaingia sokoni, akanunua unga na vinginevyo, akavipeleka nyumbani juu ya vichwa vya wachukuzi. Mama alipostaajabu na kuuliza vimetoka wapi, alimjibu kuwa vimetoka katika madaftari yale yale aliyompakulia.

Mapenzi yake ya kusoma yalikuwa karibu na wazimu. Ibn an-Nadim, aliyeandika orodha kubwa ya vitabu vya Waislamu katika karne ya kumi, asema kwamba Al-Jahiz hakukishika kitabu ila alikisoma mpaka mwisho, na kwamba alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu ili alale humo usiku kucha akisoma. Alipoanza kuandika mwenyewe, sifa zake zilifika kwa Khalifa Al-Maamun, mwana wa Harun Rashid. Akaitwa Baghdad. Yasemekana alipewa kazi katika ofisi ya waandishi wa dola, akaivumilia siku tatu, kisha akaomba aachiliwe. Tangu hapo aliishi kwa kalamu yake na kwa zawadi za wakubwa aliowatungia vitabu, maisha ambayo yalimpa fedha nyingi na hofu nyingi vilevile.

Juu ya sura yake kuna mizaha mingi, na nusu yake aliisimulia mwenyewe. Mwanamke mmoja alimshika njiani akamwomba afuatane naye kwa sonara. Walipofika, alimwonyesha sonara, akasema kama huyu, kisha akaenda zake. Al-Jahiz alipouliza maana yake, sonara akamweleza kwamba bibi yule alitaka kuchorewa shetani juu ya pete yake, naye sonara alikuwa amemjibu kwamba hajapata kumwona shetani. Khalifa Al-Mutawakkil naye alimwita kutaka kumfanya mwalimu wa wanawe, lakini alipomtazama uso tu akamrudisha, akamfariji kwa dirham 10,000.

Sasa nije kwenye kitabu chenyewe. Kitab al-Hayawan, yaani Kitabu cha Wanyama, alikiandika katika utu uzima wake, na mwenyewe aeleza ndani yake kwamba alikuwa mgonjwa, hana wasaidizi wa kutosha, na kazi ilikuwa ndefu. Baadhi ya wasomaji wetu huenda wamekiona kile cha Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405, kilichopangwa kwa herufi, mnyama kwa mnyama. Ad-Damiri alichota sana kwa Al-Jahiz, lakini kitabu cha mzee huyu hakina mpango wa namna hiyo. Ni kama baraza la mtu mwenye maneno mengi. Anaanza na mbwa, anaingia katika shairi, anatoka kwenye shairi anakwenda kwenye aya, kisha kichekesho cha mtu bakhili, kisha anarudi kwa mbwa. Sehemu kubwa ya juzuu za mwanzo ni mjadala kati ya mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo, wakihojiana ni yupi aliye bora. Watu wa zama zake walimlaumu kwamba wazee wazima wa elimu wapoteza wakati kwa mbwa na jogoo. Jawabu lake lilikuwa kwamba yeye hazipimi bei zao wala uzuri wao, bali atazama alama za hekima ambazo Mwenyezi Mungu ameziweka ndani yao, na alama hizo zimo katika kinyaa kama zilivyomo katika kipendezacho.

Na katika kutazama huko, jambo lililomshika zaidi ni jinsi viumbe wanavyolana. Aeleza habari za panya atokaye usiku kutafuta riziki, mwenye hila nyingi, anayekula walio dhaifu kuliko yeye, wadudu na mayai na makinda ya ndege. Huku awinda, huku awindwa, kwa maana nyoka na ndege wakali wamtaka yeye. Basi aishi kwa hila mbili, moja ya kupata na moja ya kuepuka. Na nyoka anayemla panya hayuko salama, maana yuko kalunguyeye amlaye nyoka, na kalunguyeye ana mbweha wake. Al-Jahiz aihitimisha habari hii kwa kusema kwamba hapana mnyama aishiye bila chakula, na kila mwenye kuwinda naye huwindwa. Mnyonge hula aliye mnyonge kuliko yeye, na mwenye nguvu hawezi kujikinga na mwenye nguvu zaidi. Wanadamu nao kwa wanadamu wenzao, aongeza, hawakutoka katika kanuni hiyo. Mwenyezi Mungu amewajaalia baadhi ya viumbe kuwa sababu ya uhai wa wengine, na baadhi kuwa sababu ya mauti ya wengine.

Hakuridhika na maneno ya jumla. Ataja watu waliotia panya na nge katika chombo cha kioo ili watazame vita vyao, na jinsi panya anavyofanya hila ya kuukata mkia wa nge, kwa kuwa silaha yote iko huko. Aeleza buibui wa aina moja ambaye Waarabu humwita simba wa nzi. Huyu hatandi utando akangoja. Akimwona nzi hujibandika chini, akatuliza viungo vyake vyote, kisha akaruka, na akiruka hakosi, kama duma awindavyo swala. Kila mwenye ukuta wa chokaa nyumbani kwake ameshamwona buibui huyu, mdogo, mwenye miruko, lakini ni wangapi kati yetu waliokaa wakamtazama mpaka mwisho wa windo lake?

Asema pia habari za nyati wa kufugwa wa vinamasi vya Iraki. Mnyama huyu humwendea simba kwa utulivu kama hajali, lakini mbu mmoja akimuuma hukimbilia majini akajizamisha mpaka puani. Hapo ndipo naona akili ya Al-Jahiz ilipo. Watu wa zama zake, na wengi wetu leo, wakifikiri uadui wa viumbe hufikiri simba na swala. Yeye alimwona mbu, mwenye mrija mwembamba kuliko unywele, akitoboa ngozi ambayo mkuki huipata kwa shida, na akauliza ni nani aliyemfundisha kwamba chini ya ngozi ile kuna damu, na kwamba damu ndiyo uhai wake. Kisha akamtazama nzi, akaandika kwamba nzi huwala mbu, na lau si hivyo mbu wangezidi majumbani.

Wataalamu wa leo wameyapima mambo ya namna hii kwa hesabu, na hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Katika miamba ya bahari yetu ya Kenya yuko samaki aitwaye kikande, mwenye meno magumu, ambaye hula urumbu, wale wenye miiba wanaochoma miguu. Pale vikande walipovuliwa wakamalizika, urumbu walizidi wakaitafuna miamba, na matumbawe yakapungua pamoja na samaki waliokuwa wakijificha humo. Katika sehemu zilizohifadhiwa, ambamo vikande wamebaki, urumbu ni wachache. Al-Jahiz hakuyajua matumbawe ya Mombasa, lakini nadhani angeelezwa asingeshangaa sana.

Kuna pahali pengine aeleza ajabu ya kunguru wa Basra. Wakati wa mavuno ya tende kunguru huja kwa makundi, wakatua juu ya kila mti, ila mtende wenye tende ambazo hazijakatwa hawaugusi. Tende zikishakatwa ndipo wanaposhuka kuokota masazo. Hilo, kwa hakika, msomaji wa Mombasa au Malindi atalisoma akitabasamu. Kunguru wetu hawa wa shingo ya kijivu si wenyeji, waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, kisha wakaenea pwani nzima, na sijamwona mmoja wao anayengoja tunda likatwe. Wamewasukuma kando wale kunguru wenyeji wenye shingo nyeupe, wakala na makinda ya ndege wadogo. Lau Al-Jahiz angewakuta hawa, huenda ile sura ya kunguru wa Basra ingekuwa ndefu zaidi.

Hadithi iliyo maarufu kuliko zote katika kitabu hiki ni ya kadhi na nzi. Kadhi huyo, Abdallah bin Sawwar wa Basra, alikuwa mtu wa utulivu usiokuwa na mfano. Alikuwa akisali sala ya alfajiri nyumbani kwake, ingawa makazi yake yalikuwa karibu na msikiti, kisha hufika barazani pake msikitini akaketi, haegemei, hageuki, hafungui mkunjo wa miguu, mpaka wakati wa adhuhuri, kama jengo lililojengwa. Akisema husema maneno machache, na hata mkono wake hauonyeshi kitu. Siku moja, watu wamekaa mbele yake safu kwa safu, nzi alimtua puani. Akakaa. Kisha nzi akahamia kwenye kope la jicho. Kadhi akavumilia kama alivyovumilia juu ya pua, lakini nzi akaingiza mdomo wake, ikawa kuuma na kuwasha. Kadhi akafumba jicho na kulifumbua. Nzi akaondoka kidogo, akarudi pale pale palipokwisha kuuma, na maumivu ya mara ya pili yakazidi ya kwanza. Akapepesa macho mfululizo, watu wote wakimtazama, na nzi hakubanduka. Mwisho kadhi hakuwa na budi ila kumfukuza kwa mkono, kisha kwa upindo wa kanzu, mara moja, mara mbili, mara tatu. Hapo aliona kwamba mambo yake yote yamekwisha kuwa hadharani. Akakiri mbele ya watu kwamba yeye alijulikana kuwa mtulivu kuliko wote, na sasa ameshindwa na kiumbe aliye dhaifu kuliko wote, akaisoma ile aya ya Suratul Hajj inayotaja nzi na udhaifu wa mwenye kutafuta na mwenye kutafutwa.

Sasa ile hoja ya Darwin. Al-Jahiz aliona kwamba viumbe hushindana na kuwindana, na kwamba kila mmoja amepewa silaha au hila ya kumlinda. Aliona pia kwamba ardhi na maji na chakula huwabadilisha viumbe: ataja jangwa la mawe meusi la Bani Sulaim, ambako swala na mbweha na mbuni na hata wadudu ni weusi, na ataja chawa, ambaye katika nywele nyeusi huwa mweusi na katika nywele nyeupe huwa mweupe. Haya ni makubwa kwa mtu wa karne ya tisa, na mengine yampita Aristotle wa Wayunani, ambaye vitabu vyake vya wanyama vilikwisha kufasiriwa kwa Kiarabu na Al-Jahiz akavisoma, akavitumia, na pengine akavikosoa kwa ushahidi wa mabaharia na Mabedui. Lakini ile nadharia yenyewe ya Darwin, kwamba tofauti ndogondogo hurithiwa na kuchujwa kizazi baada ya kizazi mpaka ikatoka aina mpya ya kiumbe, hiyo hakuiandika. Kwake yeye kulana kwa viumbe kulikuwa dalili ya mpango wa Muumba. Aeleza katika juzuu ya kwanza kwamba maslaha ya dunia yako katika kuchanganyika kwa kheri na shari, chenye kudhuru na chenye kufaa. Ingekuwa shari tupu, viumbe wangeangamia. Ingekuwa kheri tupu, mtihani ungeondoka, na fikra nayo ingeondoka, kwa kuwa mtu asingekuwa na la kuchagua.

Nisifiche kwamba katika itikadi alikuwa Muutazila, na wanavyuoni wa Ahlu Sunna hawakumwachia. Ibn Qutaiba, aliyeishi karibu na zama zake, alimshambulia vikali, akamwona mtu wa kutetea jambo leo na kinyume chake kesho. Asomaye mjadala wa mbwa na jogoo ataona Ibn Qutaiba alikuwa akisema nini.

Kitabu hiki alimtunukia Waziri Muhammad bin Abdulmalik az-Zayyat, naye akamlipa dinari 5,000. Huyu Ibn az-Zayyat alikuwa mtu wa elimu na shairi, na vilevile mtu katili. Alitengeneza tanuri la chuma lenye misumari iliyoelekea ndani, akawa anawatia humo watu aliotaka kuwakamua mali ya dola, na walipoomba huruma aliwajibu kwamba huruma ni udhaifu wa tabia. Alimdharau sana Al-Mutawakkil kabla hajawa khalifa. Basi mwaka 847 Al-Mutawakkil alipokalia kiti, Ibn az-Zayyat alikamatwa, akatiwa katika tanuri lile lile, na mateso yale ndiyo yaliyommaliza. Mtu aliyetunukiwa kitabu kisemacho kwamba mwenye nguvu hasalimiki na mwenye nguvu zaidi alikufa kwa kifo hicho.

Al-Jahiz alikimbia. Alipoulizwa baadaye kwa nini, alifanya mzaha juu ya ile aya ya wawili waliokuwa pangoni, akaeleza kwamba aliogopa kuwa yeye wa pili wa wawili waliomo tanurini. Akakamatwa, akaletwa katika minyororo mbele ya Kadhi Ahmad bin Abi Duad, hasimu mkubwa wa yule waziri. Hapo ulimi wake ulimwokoa. Kadhi alivutwa na ufasaha wake, akaamuru afunguliwe, akogeshwe, avikwe, kisha akamweka karibu naye. Al-Jahiz akamtungia kitabu chake kingine kikubwa, Al-Bayan wa at-Tabyin, juu ya ufasaha, akapata tena dinari 5,000. Ningekuwa mimi ningeogopa fedha hizo, lakini yeye hakuwa na shamba wala biashara.

Mlinzi wake wa mwisho alikuwa Al-Fath bin Khaqan, rafiki wa damu wa Al-Mutawakkil, mpenzi wa vitabu ambaye alikuwa na kitabu mkononi mwa kanzu hata mbele ya khalifa. Kwa ajili yake Al-Jahiz aliandika risala ya kuwasifu askari wa Kituruki. Mwaka 861 askari wa Kituruki walimwua Al-Mutawakkil usiku katika kasri lake huko Samarra, na Al-Fath akauawa pamoja naye.

Kwa watu wa Pwani iko risala yake nyingine ambayo haifai kupitwa, ile ya kueleza fahari ya watu weusi mbele ya weupe. Humo awaambia watu wa Iraki kwamba hao Wazanji wanaowadharau ni mateka tu waliochukuliwa ufukweni, na kwamba Wazanji hasa, wa Qanbalu na Lunjuya, hawajapata kuwaona. Wengi wa wataalamu waona Lunjuya ni Unguja, na Qanbalu ni Pemba. Ni moja ya mara za kwanza visiwa hivyo kutajwa katika maandishi ya Waislamu. Wengine husema ni risala ya mzaha, na ni kweli kwamba kwingineko ana maneno makali juu ya Wazanji hao hao. Lakini mjukuu wa mchunga ngamia mweusi, aliyewaona watu wetu wakiteremshwa bandarini Basra, mimi siamini kwamba aliandika kwa mzaha mtupu.

Miaka yake ya mwisho alirudi Basra akiwa amepooza. Upande mmoja wa mwili wake, yasimuliwa, ungekatwa kwa mkasi asingehisi, na upande wa pili ulikuwa na jongo kali hata nzi akipita juu yake humuumiza. Hata hapo nzi hakumwachia. Walikuja wageni kutoka mbali kumtazama, akawapokea kwa mizaha ile ile. Alifariki katika Muharram ya mwaka 255 wa Hijra, mwisho wa mwaka 868 au mwanzo wa 869, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Watu wa baadaye walisimulia kwamba aliangukiwa na vitabu vyake vilivyokuwa vimepangwa kama kuta kumzunguka. Hadithi hiyo ni tamu mno kiasi cha kunitia shaka.

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka ule ule, watumwa waliokuwa wakifagia chumvi katika mashamba ya vinamasi vya Basra, wengi wao wakiitwa Wazanji, waliinuka chini ya Ali bin Muhammad. Vita vyao vilidumu miaka 14, na mwaka 871 waliingia Basra wakaiharibu. Kitab al-Hayawan kilikuwa kimekwisha kunakiliwa na kusambaa mijini. Mmisri Abdussalam Harun alikihakiki na kukichapisha Cairo kati ya mwaka 1938 na 1945, juzuu 7, na kadhi na nzi wake wamo katika juzuu ya tatu.